Waliojua Mlango wa Zamani

Mama mmoja alikuwa na tovuti. Jina lake Tusekile, mkazi wa Tukuyu, na tovuti hiyo aliianza kwa simu akiwa wodini, mwanawe njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, amelala kifuani pake kama kifaranga. Kila siku aliandika alichojifunza: namna ya kumkamulia maziwa mtoto asiyeweza kunyonya, namna ya kumfunga kifuani apate joto, namna ya kulia bila kumwamsha. Mtoto akakua, akaanza kukimbiza kuku. Mama hakuacha kuandika. Mwaka wa tano kurasa zilifika mia moja na arobaini.

Wenye watoto njiti walizisoma. Muuguzi mmoja, bila kutumwa na mtu, aliandika anwani ya ukurasa wa maziwa kwenye kipande cha boksi, akakibandika ukutani wodini, juu ya kitanda cha mwisho. Wengine waliziandika anwani nyuma ya kadi za kliniki, wakapeana. Haikupita siku Tusekile asipate ujumbe: mtoto kaongezeka gramu ishirini, mtoto kafumbua macho.

Lakini mfumo ulioiendesha tovuti ulikuwa umechakaa. Ukurasa ulikawia kufunguka, na mwenye bando dogo la intaneti lilimwishia kabla hajasoma mstari wa kwanza. Tusekile akawahurumia. Shemeji yake Gwakisa, fundi wa kompyuta, akamfungulia mfumo mpya, akamwonyesha namna ya kuhamisha, kisha akasafiri kikazi. Tusekile akahamisha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hata maneno ya wasomaji hakuyaacha. Na kwa kuwa anwani za zamani zilikuwa ndefu na za ovyo, akazipa kurasa zote anwani mpya, fupi, za kupendeza. Alipomaliza alijisikia kama aliyefagia uwanja asubuhi.

Kisha kukawa kimya. Siku ya kwanza hakuna ujumbe, wala ya pili, wala ya nane. Moyo ukamsinyaa. Gwakisa aliporudi, alimkuta amekwisha kuamua kuifunga tovuti.

"Wamenichoka, shemeji," alisema, akimmiminia chai.

Gwakisa hakubishana naye. Aliomba kadi ya kliniki ya yule mtoto mkimbiza kuku. Nyuma ya kadi palikuwa na anwani ya zamani, kwa mwandiko wa Tusekile mwenyewe. Akaiandika kwenye simu. Simu ikajibu: Ukurasa huu haupo.

"Wamekuchoka wapi! Umehama kimyakimya, hata jirani hukumwambia. Watu wanabisha hodi kwako hadi sasa, shemeji, ila mlangoni hakuna wa kuwaelekeza."

Tusekile akaziba mdomo kwa mkono. Akilini alikiona kile kitanda cha mwisho, na mwanamke asiyemjua, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine umeshika simu, anaambiwa hapa hakuna kitu.

Chai ikapoa. Walikaa siku mbili wakiiwekea kila anwani ya zamani kielekezo cha kumpeleka mgeni kwenye ukurasa mpya, moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye ukurasa wa namna ya kulia bila kumwamsha mtoto, Tusekile alitaka kuuruka, kwa kuwa tangu auandike hakuwahi kupata neno la mtu juu yake. Gwakisa akauwekea kielekezo kama kurasa nyingine, akaendelea.

Asubuhi iliyofuata ujumbe uliingia, na ulitoka kwenye ukurasa ule ule: "Dada, anwani hii niliachiwa na mama aliyelala kitanda hiki kabla yangu. Wiki nzima imenigomea, leo imefunguka. Kumbe hata wewe ulilia? Wangu ana kilo moja na gramu mia. Nakuandikia nimembeba."

Tusekile akaketi kizingitini, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo ya maji iliyotoka mbali. Mwanawe akaja kumwuliza analia nini. Akamwambia anafurahi, na ilikuwa kweli.

Basi wewe uliyehama, ukapata mahali pazuri kuliko pale pa kwanza, ni nani anayebisha hata leo kwenye mlango wako wa zamani, na umemwachia nini cha kumwelekeza?