Shangazi Namkunda na Askari Waliotulia

Jamani, hii msiisome nusu nusu. Nimetumiwa leo asubuhi, nimeirudia mara tatu, chai imepoa mezani na wala sijali.

Kwenye milima ya Upare kulikuwa na mama mmoja, Namkunda, mtaalamu wa mizizi. Watu wenye magoti yaliyovimba na vidole visivyokunjika walipanda kwake kila wiki, na wengi waliteremka wakimsifu. Mzizi wenyewe siutaji. Nawajua nyinyi, kesho mtakuwa porini na majembe.

Sasa, mwaka huo muuzaji mmoja wa kupita alileta dawa zake gulioni, mtu akanywa, akalazwa. Kijiji kikapiga marufuku dawa zote za miti, hata za Namkunda. Wakamwambia asimpe mtu hata kikombe mpaka maabara iseme kwamba dawa yake haiui. Kazi ya miaka thelathini ikabaki inaning'inia hapo.

Bahati nzuri mtoto wa kaka yake, Mbonea, alikuwa mtafiti kwenye maabara moja mjini. Akaubeba mzizi, akaahidi kuleta jibu. Alikuwa na hamu kuliko hata shangazi yake.

Niwaeleze kazi yenyewe kwa kifupi, maana ndipo utamu ulipo. Mwilini tuna seli za kinga, ndio askari wetu. Wakihisi adui hutoa kemikali za kuita wenzao, na mwito huo ukizidi ndiyo tunapata uvimbe, joto na maumivu. Mbonea alizilea seli hizo kwenye kisahani chenye vishimo vidogo, akazichokoza kwa mabaki ya bakteria, kisha akatia dawa ya mzizi. Kipimo chake hugeuka rangi ya njano, na mwito ukiwa mkubwa njano inakuwa kali.

Vishimo visivyotiwa dawa vilikuwa njano tupu. Vyenye mzizi vilikuwa vyeupe pe, kama maji ya mvua. Mbonea aliruka, nusura aangushe kiti, akampigia shangazi simu hapo hapo.

Akamwamkia haraka haraka, akamweleza yote kwa pupa: askari wameshika adabu, hakuna hata mmoja anayeita wenzake, ripoti anaiandika leo leo. Alitegemea vigelegele. Akapata swali.

"Mwanangu," Namkunda akasema, "hao askari wametulia, au wamekufa?"

Hebu fikirini! Mama anasubiri neno moja tu arudi kazini, neno limeshafika mlangoni, halafu yeye mwenyewe analizuia. Ningekuwa mimi ningesema asante na kukata simu.

Mbonea alijua namna ya kupima hilo, ila furaha ilimtangulia. Akachukua rangi ya bluu ambayo seli hai huikataa na iliyokufa huinyonya, akachungulia kwenye hadubini. Bluu kila mahali. Dawa ya shangazi ilikuwa imewaua askari wote.

Akapiga simu tena, akamweleza alichokiona. Namkunda hakulia wala hakulaumu. Alitaka tu kujua mzizi ulichemshwaje, na Mbonea akamwambia aliuchemsha mara moja, akayatumia maji yote asipoteze kitu.

"Maji ya kwanza hukuyamwaga?"

"Shangazi, yale si ya mizimu?"

Hapo ndipo msomi wetu alipojikwaa. Kwao, anayechemsha mzizi ule humwaga maji ya kwanza shimoni na kusema hayo ni ya mababu, kisha hutia mengine na kuchemsha upya. Mgonjwa hunywa ya pili. Mbonea aliyaona hayo tangu utotoni, na alipopata shahada akaona ni mila tu, haihusiani na maabara.

Akaanza upya. Safari hii alipima maji yote mawili, kila moja peke yake. Ya kwanza yakaua kama mwanzo. Ya pili, jamani, ya pili! Njano haikupotea, ilififia tu, na kwenye hadubini bluu ilikuwa ya kutafuta. Askari walikuwa hai, na mwito wao umeshuka. Akarudia mara tatu, jibu likawa lile lile, na Mbonea akacheza peke yake katikati ya mafriji.

Ripoti ilisema ukweli mtupu: maji ya pili hayakuua seli, na yalipunguza mwito wa uvimbe kwenye kisahani; ila kuhusu mwili wa mtu, utafiti uendelee. Kijiji kikamfungulia Namkunda, kwa sharti kwamba kila mgonjwa apite zahanati kwanza.

Siku alipompelekea nakala, Mbonea alimuuliza kwa nini aliuliza swali lile, wakati angeweza kukaa kimya na kushinda.

Namkunda alikuwa anaosha chungu, hata hakuinua kichwa.

"Nikinyamaza mimi," akasema, "anayekunywa ni mwingine."

Funzo: Jibu unalolitamani sana ndilo la kulihoji kwa ukali zaidi, maana ukijidanganya wewe, huenda anayeumia akawa mwenzako. Na mila ya kwenu, kabla hujaitupa, ipime nayo.