Rispa, Binti wa Waamia Ndege

Hapo kale, wanangu, maiti aliachwa peke yake. Mtu akikata roho, watu walimfunika, wakafunga mlango na kwenda zao. Hawakuwa wakatili. Walidhani macho yakishafumbwa, hakuna tena cha kulinda.

Wakati huo, katika nchi ya Israeli, aliishi mzee aliyeitwa Aya. Maandiko yametuachia jina lake tu. Mengine ni ya wazee wetu, nami nawapa kama nilivyopewa. Wazee walisema ukoo wa Aya haukuwa na shamba. Waliamia ndege katika mashamba ya watu. Tangu nafaka inaponenepa hadi inapovunwa, walikaa juani na kombeo, wakipiga kelele. Mtoto wao wa kike alijua kufukuza ndege kabla hajajua kukanda unga. Binti wa Aya ndiye Rispa.

Mfalme alimwona, akamfanya suria wake. Kule ikulu wanawake wenzake walimcheka.

"Bibi Kombeo," walimwita, "tufukuzie na mbu basi."

Rispa aliendelea na kazi zake. Mungu akampa wana wawili, na hao wakamtosha.

Mfalme alikufa. Akaja mfalme mwingine, na kisasi cha watu waliouawa zamani na yule wa kwanza kikalipizwa juu ya nyumba yake. Wana wa Rispa walichukuliwa, wakanyongwa mlimani siku shayiri ilipoanza kuvunwa, wakaachwa bila kaburi.

Rispa alipanda mlima, akatandika gunia juu ya mwamba, akaketi. Mchana alifukuza mwewe, usiku fisi. Askari wa zamu, mtu mzima mwenye watoto wake, alimwonea huruma.

"Mama, hawa wamekufa. Nenda nyumbani. Unalinda nini hapa?"

"Shayiri nayo haijui kama inalindwa," Rispa alimjibu. "Kwetu tuliilinda hivyo hivyo."

Alikaa mpaka sauti ikamkauka, mpaka mvua ikanyesha. Hakuomba wafufuke. Aliomba udongo tu. Habari zikamfikia mfalme mpya, naye akaona haya. Akaamuru mifupa ikusanywe, ikazikwe penye kaburi la wazee wao. Rispa akakunja gunia, akashuka.

Wale waliomcheka walikuwa wamesimama njiani. Wakampisha apite. Baadaye mmoja wao alifiwa na mtoto, naye hakufunga mlango. Aliketi chini, karibu na kichwa cha mwanawe, na kitambaa mkononi. Wenzake wakaja, wakaketi naye.

Kuanzia hapo maiti haachwi peke yake, kama mnavyoona katika nyumba zetu: wanawake wako chini kwenye mkeka, mmoja akipunga khanga polepole juu ya uso, mpaka jeneza litoke. Kwa hiyo msiniambie nikapumzike. Baba yenu bado yumo ndani, na wachimbaji hawajamaliza.