Kaburi Juu ya Tuta la Lambo

Moto umeshika?
— Umeshika.
Wa nyuma mnanisikia?
— Tunakusikia.
Basi sogezeni masikio, niwasogezee ya kale.
— Yasogeze, tumekaa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanazikana, palikuwa na nchi kavu ambayo mto wake ulikuwa mbali. Kila kiangazi wanyama walikwenda huko kunywa maji, na kila kiangazi Mamba alichukua watoto. Wakubwa hakuwagusa. Alichukua watoto, kwa sababu watoto hukimbilia maji mbele ya mama zao.

Mwaka mmoja alimchukua mtoto wa kiume wa Bi Siwema, tembo. Bi Siwema hakulia mbele ya wenzake. Aliporudi nyumbani aliwaita wanyama bondeni, mahali ambapo maji ya mvua hupita na kupotea.

"Maji haya yanatupita kila masika, nasi tunayatazama," akasema. "Tuyazuie. Tujenge lambo."

"Kwa kitu gani?" akauliza Nyati, mkubwa wa nchi ile. "Hatuna mawe."

"Tuna udongo. Tuna miguu."

Wakaanza. Muhanga, mwenye kucha za kuchimba, alichimba udongo wa mfinyanzi. Nyani waliubeba. Tembo waliukanyaga. Bi Siwema hakukubali udongo mpya umwagwe kabla wa chini haujashikana, na alikuwa na wimbo wake wa kazi:

Mwaga udongo — kanyaga!
Mwaga maji — kanyaga!
Mwaga tena — kanyaga!

Tuta likapanda. Pembeni waliacha njia ya maji ya ziada, ili lambo likijaa maji yatokee huko, yasipande juu ya tuta na kulikata. Masika yakaja, lambo likajaa. Kiangazi kikaja, hakuna aliyekwenda mtoni. Watoto wa mwaka ule walikua wote.

Bi Siwema aliweka sharti moja. Kila mwaka kabla ya mvua, tembo wote wapite juu ya tuta, mwanzo hadi mwisho, wakiimba na kukanyaga. "Tuta halisimami lenyewe," alisema. "Linasimamishwa."

Kisha Bi Siwema akazeeka, akafa.

Binti yake, Tunu, akasema, "Mama azikwe juu ya tuta. Alilijenga yeye. Akae pale ayaangalie maji yake."

Wote wakakubali. Muhanga akachimba kaburi katikati ya tuta, na kaburi la tembo mnalijua si shimo la kupandia mahindi. Fisi aliombwa akae mbali na shughuli. Alikubali kwa shida.

Sasa, zamani hizo tembo na vyura walikuwa watani. Mambo ya watani msibani mnayajua. Mtani atalala kaburini adai mahali ni pake, atakimbia na sufuria ya wali, atamwambia maiti aache uvivu aamke, na hakuna wa kumkasirikia. Ndiyo haki yake.

Chura aliishi chini ya tuta, upande usio na maji. Alikuwa shoga wa Bi Siwema tangu udongo wa kwanza. Siku ya mazishi akaruka hadi ukingoni mwa kaburi, akasema:

"Nyie tembo, hata kuzika hamjui. Mmelitoboa tuta ili mumtie bibi mnene. Mtoeni mkamzike mlimani. Kama hamtaki, basi mkishafukia, mkanyage."

Waombolezaji wakacheka. Nyati alicheka mpaka akafuta machozi ya pili. "Mtani kaanza," akasema.

"Sitanii," akasema Chura.

"Na watani wote husema hivyo hivyo."

Wakacheka tena. Tunu peke yake hakucheka. Alimtazama Chura, akamuuliza, "Nimkanyage mama yangu?"

Chura akaruka hatua moja nyuma. Kaburi halikanyagwi. Hilo kila mmoja alilijua, hata yeye.

Wakafukia taratibu kwa mikonga, wakasawazisha udongo kwa majani. Wimbo wa kazi haukuimbwa. Na siku ya kukanyaga tuta ilipofika, tembo walipita juu yake hadi karibu na kaburi, wakashuka, wakazunguka chini kwa heshima, wakapandia upande wa pili.

Masika yakaja. Lambo lilipofika nusu, udongo ulilowa chini ya tuta upande usio na maji, usawa wa kaburi. Kisha yakachuruzika maji.

Chura akaenda kwa Tunu. "Binti wa wanene, tuta lenu linavuja."

Wakashuka kutazama, Tunu, Nyati na wengine. Maji yalikuwa safi. Nyati akainama, akayaonja.

"Matamu," akasema. "Haya si ya kuvuja, haya ni baraka. Bi Siwema anatunywesha hata akiwa kaburini."

"Basi marehemu wenu ana kibofu kikubwa," akasema Chura.

Wakaangua kicheko. Chura aliyajutia maneno yale maisha yake yote, kwa sababu alikuwa na jambo la kusema, na ulimi ukamtangulia.

"Mpeni mtani haki yake anyamaze," akasema Nyati. Chura akaletewa kibuyu cha pombe ya mtama. Akakipokea, maana haki ya mtani haikataliwi.

Maji yale yakaotesha majani mabichi bondeni. Swala wakahamia pale na watoto wao. Mama wa swala wakipita chini ya kaburi waliinamisha vichwa, wakasema, "Ahsante, bibi."

Mvua ikazidi. Lambo likajaa. Asubuhi moja Chura alitoka nje, akaona maji yaliyotoka chini ya tuta yamebadilika. Yalikuwa mekundu, rangi ya udongo wa tuta.

Akaenda tena kwa Tunu. Safari hii hakumwita binti wa wanene.

"Tunu, maji yanatoka na udongo."

"Mtani, leo sina—"

"Leo si mtani. Nimekuja kama shoga wa mama yako. Maji safi yanapita tu. Maji ya udongo yanachimba. Udongo ule unatoka alipolala mama yako."

Tunu akageuka kulitazama tuta. Kisha akauliza, "Unataka nifanye nini?"

"Chimba njia ya pembeni iende chini zaidi, lambo lipungue. Watoto watoke bondeni. Kisha mtoe mama yako, ufukie upya, ukanyage."

"Nimfukue mama, mvua inanyesha? Na maji tuyamwage? Watu watasema nini?"

"Watasema. Waache waseme."

"Tungoje mvua ikatike, shangazi. Tutamhamisha kwa heshima yake."

"Maji hayajui kungoja, mwanangu."

Lakini Tunu alikuwa amekwisha kuamua. Chura akashuka bondeni, akawaambia swala, "Waondoeni watoto hapa."

Mama mmoja wa swala akatabasamu. "Wewe ni mtani wa tembo. Utani na sisi umeanza lini?"

Mchana wa siku ile kaburi likabonyea. Udongo uliofukiwa taratibu ukashuka ndani ya tuta, na chini maji yakatoka kwa nguvu. Tunu aliliona. Akakimbia, akapanda juu ya tuta, akalikanyaga kaburi la mama yake kwa miguu yote minne. Alikanyaga akiimba:

Mwaga udongo —

Hakuna aliyeitikia. Wengine walikuwa bado wanakuja, na waliofika walisimama wakashangaa kumwona binti akimkanyaga mama yake.

Mwaga maji —

Hakuna aliyeitikia.

Mwaga tena —

Tuta likakatika. Tunu aliangukia upande wa ng'ambo, akapona. Maji yakashuka bondeni, yakazoa kila kilichokuwepo. Yaliwakuta watoto wa swala wamelala, kwa kuwa ulikuwa wakati wao wa kulala. Yakawapeleka hadi mtoni. Huko Mamba alifungua kinywa tu. Hakuuliza wametoka wapi.

Jioni wanyama walikusanyika kando ya tope. Nyati akasema kwamba hakuna aliyejua. Wote walikumbuka kuwa waliambiwa, na wote walikumbuka kuwa walicheka. Wakamtazama Chura, wakangoja aseme lolote, hata la utani. Hakusema.

Kiangazi kilichofuata wakarudi kutembea hadi mtoni, mama mbele, watoto nyuma.

Tunu hakwenda nao. Alishuka bondeni kutafuta mifupa ya mama yake. Mingine aliipata, mingine hakuipata. Ndiyo maana hadi leo tembo akikuta mifupa ya tembo porini husimama. Huigusa kwa mkonga, huigeuza, huirudisha chini, kisha huondoka bila sauti. Wapo wanaosema anaomboleza. Mimi niliambiwa anaangalia kama ni ya mama yake.

Na Muhanga naye, tangu siku ile akichimba shimo halifukii. Huliacha wazi, akaenda zake. Mkitumbukia usiku mkirudi kilabuni, msimtukane. Hataki tena kuulizwa nani alifukia na alifukiaje.

Funzo ni hili. Aliyekujengea, mheshimu kwa kutunza alichojenga. Na mtani akisema, cheka, ni haki yake. Ukimaliza kucheka, nenda ukatazame.

Hadithi yangu imefika penye kisiki, imekaa.
— Ikae, ipumzike.
Iliyowafaa gawaneni. Iliyowauma niachieni, nitalala nayo mimi.