Mtoto wa Gia ya Tatu

Sogeeni karibu. Mwenye karanga atafune taratibu, maana nikimaliza nitauliza swali, na sitaki kujibiwa na mtu mwenye mdomo uliojaa.

Kwenye milima ya Rungwe, kule ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, kulikuwa na watu watatu wa familia moja, na kila mmoja alipewa chake.

Tumpale alipewa masikio. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na kutwa nzima alikaa ameipa mgongo akipiga soga na wateja. Katikati ya soga angesema tu, "Beringi ya nyuma inataka grisi," na kweli ukienda kuishika imeshaanza kuchemka. Shida yake ni kwamba Mungu alimwekea mdomo karibu mno na masikio. Alichosikia, alikisema, hata kama mwenye nyumba bado anakula.

Asajile, mjomba wake Tumpale, alipewa mikono. Alitengeneza malori ujana wake wote. Sasa kiuno kimegoma, lakini mikono haina habari. Mpe kitu chenye nati, kifunike na gunia, atakifungua na kukifunga bila kukitazama. Naye ana ugonjwa wake: anapenda sifa. Mwite fundi mara moja, anakupa hata shati alilovaa.

Lutengano alipewa miguu, miguu ya kukanyagia kluchi, na moyo usiojua kukimbia. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya chai. Yeye ni mdogo wake Subilaga. Subilaga ni mke wa Gwamaka. Gwamaka ni kaka yake Tumpale. Nimesema polepole makusudi, kwa hiyo asiniulize mtu tena nani ni nani.

Sasa huyu Gwamaka na mkewe walikuwa wakitafuta mtoto. Mimba zilikuja na zikatoka, na kila iliyotoka iliwaacha wamenyamaza zaidi. Safari hii ilikaa. Nesi akamwambia Subilaga, "Mama, huyu usijaribu kumzalia nyumbani. Ukisikia uchungu tu, uje hospitali." Na hospitali iko mbali, bonde la kushuka na mlima wa kupanda. Basi Gwamaka akauza ng'ombe, akaenda mjini kununua gari. Si kwa fahari. Ingawa fahari nayo ilipanda nyuma, ikakaa.

Alikwenda na mjomba Asajile ili amchagulie. Asajile akafungua boneti, akasikiliza injini, akapiga tairi teke. Alipotaka kuingia uvunguni, muuzaji akamwambia, "Mzee wangu, mtu ukimwona tu unajua huyu ni fundi. Wewe unaangalia nini tena?" Asajile akajipangusa mikono, akasema gari ni zima.

Na kweli lilikuja kimya kama paka. Kimya kile kilidumu siku chache tu. Baadaye, kila Gwamaka alipoingiza gia ya tatu, chini ya miguu yake kulianza mlio. Kwanza kama mtu anayeguna. Halafu kama mtu anayelalamika. Halafu kama mbuzi aliyefungwa mahali pabaya.

"Baba mtarajiwa," Subilaga akamwambia, "hilo gari linalia."

"Ni upepo."

"Upepo gani unaingia ukiweka gia ya tatu na kutoka ukiweka ya nne?"

Gwamaka akaongeza sauti ya redio.

Sasa niwaambie desturi ya pale. Kitu kipya hupongezwa kama mtoto mchanga. Mtoto mchanga, hata awe amekunjamana kama shuka, utasema jamani mzuri, na utakula wali wa watu, na utakwenda zako. Na gari ndivyo hivyo hivyo. Ndugu wakaja, mchungaji akaja na mkewe, wakazungushwa kwa zamu hadi gulioni na kurudi. Wote walisikia mbuzi yule. Wote wakashuka wakisema, "Gari laini." Huwezi kutaja kasoro ya kitu kipya kabla mwenyewe hajaitaja. Ni kama kumtakia mabaya.

Zamu ya Tumpale ikafika. Alipanda, alizungushwa, alishuka, akapewa sahani. Akatia tonge moja mdomoni, akalimeza, akasema mbele ya mchungaji:

"Kaka, hiyo giaboksi yako inasaga nini?"

Mke wa mchungaji akakohoa. Gwamaka akacheka kicheko cha meno tu. "Inasaga njaa yako. Kula kwanza, dada."

"Mimi kusaga ndiyo kazi yangu. Najua kinachosaga mahindi, na najua kinachojisaga chenyewe. Hicho chako kinajisaga. Ukimpakia mkeo humo mlimani, mtalala njiani."

Hapo mchungaji akaweka kijiko chini. Kumtajia mwanamke mjamzito kulala njiani, kwenye karamu ya gari lililonunuliwa kwa ajili yake. Gwamaka akasimama. "Umelizomea gari langu mbele ya watu, na umemtabiria mke wangu. Usikanyage hapa mpaka nikuite."

Tumpale akaondoka. Akaondoka na sahani yake, maana hasira ni hasira na wali ni wali. Lakini tangu hapo kaka mtu alimpita njiani bila salamu, akapeleka mahindi yake kusagwa kijiji cha pili. Na kile kijiji cha pili unga wao una mchanga.

Maneno yale hayakumwingia Gwamaka. Yalimwingia mjomba Asajile, tena pabaya, kwa sababu gari alilichagua yeye. Kesho yake asubuhi akaja na beseni na spana. Hakuomba ruhusa. Alitandika gunia, akajilaza chini ya gari, kiuno kikipiga kelele kuliko gia, akafungua nati ya chini ya giaboksi.

Oili ikatoka kama uji uliolala. Ina mabonge. Asajile akaisugua kwa vidole viwili, akainusa.

"Gwamaka. Njoo unuse."

"Inanuka oili, mjomba."

"Inanuka seremala. Huu ni unga wa mbao. Wameijaza giaboksi unga wa mbao ili meno yaliyolika yasisikike. Unga ukishasagika, kelele inarudi, na mabonge yake yanazuia oili mpaka gia zote zinaungua."

"Na wewe siku ile ulisema zima."

"Siku ile niliambiwa mimi ni fundi," Asajile akasema, na akarudi uvunguni haraka.

Akaimwaga yote. Akaiosha giaboksi kwa dizeli mpaka ikatoka safi. Akatia oili aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya pawatila yake mwenyewe, kile kitrekta cha kusukuma kwa mikono, na pawatila ikakaa bandani wakati wenzake wanalima. Alipomaliza wakaliwasha gari, wakaingiza gia ya tatu, na lahaula, lililia mara mbili ya zamani.

"Umeliua," Gwamaka akasema.

"Zamani lilikuwa linadanganya. Sasa linasema kweli." Asajile akampa masharti: "Gia ya tatu meno yake yameisha. Mpaka nipate nyingine mjini, usiiguse. Toka ya pili ruka kwenye ya nne. Ukiitia ya tatu penye mlima na mzigo, meno yatakatika, yataingia kwenye wenzake, na gari litasimama kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto."

Kusema ni rahisi. Gwamaka alikuwa amejifunza gari juzi juzi, na mkono wake ulikuwa umejifunza kama wimbo: moja, mbili, tatu. Kila alipotoka nyumbani mkono ulikwenda wenyewe kwenye ya tatu, na jirani zake walijua ametoka.

Gia nyingine haijapatikana, uchungu ukamshika Subilaga. Ulimshika asubuhi, kabla ya wakati wake, mvua inamwagika, chupa ikapasuka akiwa anamenya ndizi. Gwamaka akampakia. Akawasha. Moja, mbili, na hata getini hajafika akatia ile isiyotiwa. Gari likapiga yowe, Subilaga akapiga lake.

Lutengano alikuwa ameleta maziwa kwa dada yake. Akaweka dumu chini, akafungua mlango wa dereva.

"Shemeji, shuka."

"Gari ni langu."

"Na dada ni wangu. Shuka, ukae nyuma umshike."

Gwamaka akashuka. Nasema hivi bila kumsifu mtu bure: wanaume wengi wasingeshuka.

Lutengano, aliyeyajua masharti ya mjomba, akaendesha. Akashuka bonde lile lenye utelezi kwa gia ya pili, gari linavuta kama limefungwa kamba. Tambarare akaruka kwenye ya nne, akikanyaga na kuachia kwa namna ambayo gari halikushtuka, wala aliyelala nyuma hakutikisika. Gwamaka nyuma akawa anasema, "Ongeza, ongeza," na Lutengano akawa anajibu, "Ndiyo, shemeji," bila kuongeza.

Wakafika mlima wa mwisho. Hapo gia ya pili nayo ikaanza kuruka, inataka kutoka yenyewe. Ikitoka katikati ya mlima ule, gari linarudi nyuma mpaka mtoni kule bondeni. Lutengano akaushika mkono wa gia kwa kushoto, akaukandamiza, akabaki na mkono mmoja kwenye usukani. Kona kwa kona. Chuma kile kilitetemeka mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, naye hakukiachia.

Humo ndani ndimo Subilaga alimosema maneno yake. Aliyasema kwa sauti, mumewe akasikia, ndugu yake akasikia: "Nikifika na mtoto huyu akiwa mzima, jina lake litakuwa la yule aliyenifikisha."

Walifika. Mtoto alitoka amejiviringisha kitovu shingoni, wakamfungua, akanyamaza kidogo, halafu akalia. Nesi akasema, "Mngechelewa, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine." Msichana. Lakini kwa Wanyakyusa majina mengi huvaliwa na wa kike na wa kiume, kwa hiyo msifikiri mmepata njia ya mkato.

Wakarudi nyumbani. Gwamaka mwenyewe alimfuata dada yake mashineni, akasimama mlangoni, akasema, "Njoo umwone shangazi yako." Alitaka kusema "mtoto wako". Ulimi ulimchanganya. Tumpale akajifuta unga usoni, hata mashine hakuizima, akaja.

Na siku ya kumpa mtoto jina ikafika. Jina pale si sauti ya kuitia tu. Ukimpa mtoto jina la mtu, huyo ni somo wake. Atakwenda kwake likizo, atamchotea maji, atamkatia kuni, na siku somo akizeeka, mlango wa kwanza kugonga ni wa mtoto yule. Tumpale hana mtoto, na hazai tena. Sisemi ili mmwonee huruma, angenipiga na debe. Asajile ana watoto wengi na wajukuu wengi zaidi, na wote wakapewa majina ya ukoo wa mama zao, hakuna hata mmoja aliyembeba yeye. Na Lutengano anatoka upande wa mke; katika nyumba ile ya Gwamaka, upande wa mke haujawahi kupewa jina hata la kuku.

Gwamaka alijaribu kwanza. "Na mimi je, niliyenunua gari?"

"Wewe ulinunua unga wa mbao," Tumpale akamwambia.

"Wewe utaitwa baba," Subilaga akasema. "Hilo halikutoshi?" Gwamaka akatazama chini akitabasamu kama mjinga. Lilimtosha.

Halafu Subilaga akawataka wale watatu waseme nani alimfikisha, kila mtu ataje mwingine, si yeye mwenyewe.

Tumpale akasema, "Lutengano. Mimi nilisema tu, na kusema hakukunigharimu. Yule alitoa ngozi."

Lutengano akasema, "Mjomba Asajile. Kama ule unga wa mbao ungebaki mle ndani, ningeendesha nini? Ningekuwa nasukuma."

Wote wakamgeukia Asajile. Akasafisha koo. "Ningeamka kulifungua gari lile kama asingesema Tumpale? Nilishasema ni zima. Mtu mzima hafuti maneno yake mpaka aaibishwe. Kwa hiyo ni Tumpale." Akafikiri kidogo. "Na kama si Tumpale, basi ni mimi."

Wakacheka mpaka mtoto akashtuka.

Wengine pale wakaanza kupima. Mmoja akasema Tumpale alisema vizuri lakini alisema vibaya, mbele ya mchungaji. Akajibiwa, wangapi walisikia vizuri wakanyamaza? Mwingine akasema Asajile alitengeneza alichokiharibu mwenyewe kwa kupenda sifa. Akajibiwa, wangapi wakiharibu hurudi na beseni? Wa tatu akasema Lutengano alimwokoa dada yake, na dada huokolewa bila malipo. Huyo alijibiwa na Subilaga mwenyewe: "Na shangazi je? Na mjomba? Nani hapa si ndugu?"

Toa sikio, giaboksi isingefunguliwa, nao wangekwama bondeni. Toa mikono, yale yale. Toa miguu na kile kiganja, wangerudi nyuma mpaka mtoni.

Subilaga amekaa katikati na mtoto mapajani, wote watatu wanamtazama mdomo, na kila mmoja anajifanya hatazami. Neno lake la mlimani lilikuwa la mtu mmoja, kwa hiyo jina ni moja. Haya, mezeni hizo karanga. Angekuwa wako, huyu mtoto ungemwita nani?