Panya Aliyelamba Bomba Kavu

Ndugu zangu, shule niliikimbia mapema, lakini kusimulia niachieni mimi. Hata yule anayesinzia pale nyuma ataamka.

Palikuwa na bwana mmoja, kazi yake kutunza panya. Msicheke! Panya weupe wa maabara, wanaokula vizuri kuliko baadhi yenu. Kutwa anasimama, miguu inawaka moto, jioni anajikokota nyumbani. Mkewe alishamchoka.

"Mume wangu, unarudi kwangu, au ni miguu tu inakurudisha? Ikiendelea hivi, nitarudi kwetu."

"Si nimerudi? Unataka nini tena?" Akainamia sahani yake.

Kule kazini kila panya aliwekewa mabomba mawili, moja la maji, jingine kavu. Siku moja daktari wa pale akamwita.

"Hawa wawili wamekimbilia bomba moja. Unaona tofauti?"

"Panya ni panya, daktari."

"Kwa macho huoni. Ila nikipima ubongo, huyu anawaza: maji bado yapo? Yule anakwenda kwa mazoea. Ngoja niyahamishe."

Akayahamisha. Wa kwanza alipokosa, akavuka upande wa pili. Mwenzake akabaki analamba bomba kavu, analamba, analamba. Bwana yule akapiga miayo. Hoi.

Jioni akarudi, akaketi, akafunua chakula, macho kwenye sahani.

"Mke wangu, leo chumvi imezidi."

"Shemeji, ni mimi."

Akainua kichwa. Mdogo wa mkewe!

"Dada yako yuko wapi?"

"Kaondoka tangu juzi. Mimi ndiye ninayekupakulia. Alisema nisikuambie neno, ningoje uulize."

Akaisukuma sahani pembeni.

Mnacheka? Haya, chekeni. Na sisi je? Kila wiki tunaingia humu kanisani, kiti kile kile, amina ile ile. Jirani yako anakuona mcha Mungu kwelikweli. Wewe unajua kilichokuleta? Tumechoka, ndiyo. Maisha yanatukamua, hata mimi ninayejisifu hapa nimesimama kwa shida. Mungu hakukataza kuchoka. Yule bwana naye hakuachwa kwa sababu ya uchovu. Aliachwa kwa kuwa hakumwangalia mkewe, hata mkewe alipoondoka nyumbani, yeye akaendelea kutafuna.

Leo sitawaombea kwanza. Tukae kimya kidogo, kila mmoja ajiulize: mara ya mwisho nilipomwita Mungu, nilingoja aitike?