Kwa Nini Miyombo Huvaa Nyekundu Kabla ya Mvua

Zamani miyombo ilikuwa miti yenye adabu. Ilisubiri mvua kama mgeni anavyosubiri kukaribishwa chakula. Kiangazi chote ilisimama mitupu, rangi ya majivu, na haikuthubutu kutoa hata jani moja mpaka ardhi ilowe. Mvua kwanza, majani baadaye. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu.

Katika zama hizo, kwenye kijiji kimoja cha Unyamwezi kilichozungukwa na pori, aliishi mjane aitwaye Nyamizi. Mumewe alikuwa amekufa, na wanawe wote surua iliwapitia, akabaki na mjukuu mmoja tu, Milembe, mtoto wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Milembe alipenda kuimba kuliko kula. Sauti yake ilikuwa kubwa na haikujua njia. Wenzake wakipanda, yeye anashuka. Kanisani watu waligeuka kumtazama, na Nyamizi alijifanya hamjui.

Ukristo ulikuwa bado mgeni kijijini hapo. Aliyeuleta ni mwinjilisti Natanaeli, mtu mrefu mwenye visigino vilivyopasuka, aliyekula kama watu wawili na kusali kama watu watatu. Yamesemwa mengi juu yake na mwanamke mmoja aliyekuwa akimpikia, na nusu yake ni uongo. Lakini alijua kufundisha. Aliwafundisha kwamba kabla ya Pasaka kuna Kwaresima, siku za kujinyima na kunyamaza. Ngoma hutundikwa. Jembe kuukuu lililoning'inizwa mlangoni mwa kanisa, ambalo ndilo lililokuwa kengele yao, huvingirishwa ngozi lisilie. Hata maziko huwa hayana wimbo. Kisha Pasaka ikifika, watu wote hudamka na matawi mabichi, wakaenda makaburini kuwaimbia wafu wao mpaka jua litoke, kwa sababu Bwana mwenyewe alilazwa kaburini, na kaburi likashindwa kumshika.

Hilo la makaburini walilipenda kuliko mafundisho mengine yote. Walikuwa na makaburi mengi.

Tatizo ni kwamba Pasaka haikai mahali pamoja. Kila mwaka huhama, na aliyejua imehamia wapi ni Natanaeli peke yake, tena naye alikwenda kuuliza misheni, safari ya mbali. Mwaka mmoja walipoanza kufunga, alichukua fimbo yake akawaambia, "Msiimbe mpaka nirudi." Hakurudi. Baadaye wafanyabiashara wa chumvi walileta habari kwamba homa ilimkamata njiani, akazikwa na watu asiowajua.

Sasa nani afungue mfungo? Mzee wa kanisa alikuwa Kapaya, mtu ambaye akipewa neno hulishika mpaka vidole vife ganzi.

"Mwinjilisti alisema mpaka arudi," akasema.

"Mzee, mwinjilisti amekufa," wakamwambia.

"Basi hajarudi."

Kwaresima ikaendelea. Mvua za mwaka huo zilikatika mapema, mtama ukakauka ungali unachanua, kiangazi kikaingia, na watu walikuwa bado wamefunga. Wande, wifi yake Nyamizi, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua kufunga hata siku moja, alizoea kusema kisimani, "Mwaka huu hata wapagani wamekuwa Wakristo hodari. Hebu tazameni wanavyofunga!" Watu walicheka, kisha kisima kilipokauka wakaacha kucheka. Walikula mizizi ya porini iliyochemshwa na kumwagwa maji mara kadhaa, na aliyekosa subira ya kuchemsha alikufa kwa sumu. Wazee walitangulia. Watoto wakafuata. Walibebwa kimya, wakafukiwa kimya, na kilichosikika ni udongo tu ukiangukia mkeka. Kapaya mwenyewe alimzika Lugendo, mwanawe wa pekee, bila hata kukohoa.

Milembe aliyaona hayo yote. Alipovimba miguu na kushindwa kusimama, alimwuliza Nyamizi, "Bibi, nikifa kabla mwinjilisti hajarudi, mtaniimbia?"

"Hufi wewe. Kunywa uji."

Haukuwa uji, yalikuwa maji ya moto yenye vumbi la pumba.

"Lakini nikifa?"

Nyamizi alitazama pembeni. "Nitakuimbia," akasema.

Mtoto akafa jua likiwa kichwani.

Wanaume walipokuja kumchukua, walimkuta Nyamizi ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha mbele, njia yote ameiziba. Kapaya akainama kwa heshima. "Mama, pole. Tupishe tumsitiri mtoto."

"Mtamchukua alfajiri," Nyamizi akajibu. "Kesho ni Pasaka."

Watu walitazamana. Wande alishika mdomo, jambo lililokuwa halijawahi kutokea.

"Nani kasema?" Kapaya akauliza.

"Nimesema mimi."

"Mama, Pasaka ina siku yake, na sisi hatuijui. Ukiuvunja mfungo kwa mkono wako, mvua itatukimbia moja kwa moja."

"Mvua ipi, Mzee? Ile iliyokuja tulipokaa kimya?" Nyamizi hakupandisha sauti. "Yule Mariamu aliyekwenda kaburini asubuhi, kuna aliyekuwa amempa tarehe? Alikwenda kwa sababu alikuwa na maiti wake. Na mimi ninaye wangu, huyu hapa ndani."

Kapaya aliposema tena, sauti haikuwa ya mzee wa kanisa. "Pasaka ina matawi mabichi. Nionyeshe jani moja, Nyamizi. Moja tu, pori zima."

Hapo ndipo Kapaya alipompata. Nyamizi aliinuka, akachukua panga, akaenda porini. Miyombo ilisimama kimya, mitupu, adabu zake zote mwilini, ikisubiri mvua. Alikwaruza gome la mmoja kwa ukucha: pakavu. Akaugombeza kama mtu anavyomgombeza mkwe mvivu. "Umesimama tu! Watoto wanakwisha, nawe umesimama tu, unangoja kuambiwa!" Akakata matawi makavu, akayafunga mzigo, akarudi nayo kichwani.

Wande alimkuta uani akiyapanga. "Wifi yangu, hizo ni kuni."

"Ni matawi ya Pasaka."

"Ni kuni, wifi. Hata mbuzi angekwambia, kama angekuwapo mbuzi."

Nyamizi akaendelea kupanga. Wande alimtazama, akaingia nyumbani kwake, akatoka na kitambaa chake chekundu. Kitambaa hicho kila mtu alikijua. Alipewa ujanani na mwuza shanga fulani aliyepita kijijini na kulala siku nyingi kuliko biashara ilivyotaka, na mume wa Wande hakuuliza mpaka alipokufa. Wande alikivaa sikukuu tu, na hakumwazima mtu. Sasa akashika pindo kwa meno, akakipasua. Akapasua tena. Vipande vyembamba vyembamba, akaanza kuvifunga kwenye ncha za matawi.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Funga huko upande wako."

Alfajiri walimtoa Milembe. Mbele ya kanisa walimkuta Kapaya amesimama chini ya lile jembe, mikono kifuani, kama mtu anayelinda zizi.

"Ukimwimbia huyu," akamwambia Nyamizi, "mimi nitamwambia nini Lugendo wangu? Nilimfukia kama ninavyofukia shimo la panya."

Nyamizi akasogea karibu naye. "Njoo umwimbie naye. Kaburi lake liko palepale."

Waliokuwa nyuma walianza kusogeza miguu, wengine wakataka kurudi. Kisha mzee akanyoosha mikono juu, akahangaika na fundo la ngozi, vidole vikakataa, akalikata kwa meno. Akaligonga jembe, likalia. Mlio wake ulikuwa mbaya, wa kutu, na watu walilia machozi kabla hawajafika makaburini.

Walimlaza Milembe. Walichomeka matawi makavu yenye vitambaa vyekundu kwenye kaburi lake, na kwa Lugendo, na kwenye mengine mpaka yakaisha. Wakaimba. Koo zilikuwa kavu na wimbo ulikatikakatika, wengine wakipanda, wengine wakishuka, hakuna aliyeijua njia. Nyamizi aliposikia vile, akaona kwamba mtoto wake ameimbiwa hasa kwa namna yake, akaketi chini.

Jua likatoka. Mvua haikunyesha. Hata wingu halikuonekana. Watu walirudi nyumbani na njaa yao.

Miyombo, hata hivyo, ilikuwa imeona. Iliona vijiti vilivyokufa vimevishwa kabla ya tone la kwanza, tena vimevishwa na watu wasiokuwa na kitu, nayo yenye mizizi iendayo mbali chini ikaona aibu. Siku chache baadaye Wande alikwenda kuchimba mizizi, akarudi mbio, pumzi hana. "Pori linaungua!" Watu wakatoka. Halikuwa likiungua. Kila mti, kwenye kila ncha, ulikuwa umetoa majani machanga, laini, mekundu kama kile kitambaa, na juu yake anga ilikuwa kavu vilevile.

Kapaya aliyashika majani, akayanusa, akaenda nyumbani kwake. Alitoka na mbegu ya mtama aliyokuwa amekusudia kuitwanga jioni ile, akaifukia shambani, katika vumbi tupu. Wengine walimwona kichaa. Wengine wakamfuata.

Wapo waliokufa baada ya hapo pia. Wande alikufa, majani yakiwa bado mekundu, akazikwa kwa wimbo, na Nyamizi ndiye aliyeuanzisha. Mvua ilikuja Wande amekwisha kulala chini. Ilipokuja ilikuta mbegu zimetangulia ardhini, na majani ya miyombo yakageuka kijani kama mtu anayebadilisha nguo kazi ikianza.

Ndiyo maana hadi leo miyombo haingoji tena. Kiangazi kinapofikia ukali wake wa mwisho, visima vinapokauka na ghala zinapobaki na vumbi, pori lote huvaa nyekundu, na hakuna tone lililoanguka. Watu wa huko wakiona hivyo huenda kufagia makaburi yao na kuimba, hata kama Pasaka ya kanisani ilipita miezi mingi, kisha hufukia mbegu katika udongo mkavu. Na akitokea mtu asiyejua njia ya wimbo, akashuka wenzake wanapopanda, hakuna anayegeuka kumtazama.