Wivu wa Mashavu na Kiti cha Bi Siwatu

Ngano hii nilisimuliwa kwanza na shangazi yangu, Bi Nyange, mtoto wangu wa kwanza alipotimiza siku arobaini. Nawasimulia kama nilivyoipokea.

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesimama aketi, aliyeketi asisinzie.

Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na kijiji. Kijijini mle alikaa mzee mmoja, Bi Siwatu. Mume na mke wakigombana, huenda kwake. Wenye mbuzi na wenye mashamba wakigombana, huenda kwake. Akisema neno moja, ugomvi umekwisha.

Mwaka mmoja akashikwa na homa. Homa ikaondoka, ikaondoka na miguu yake.

Kwanza walimlaza juu ya ngozi ya ng'ombe, wakamvuta. Kwaruu! Kwaruu! Mgongo wote ukachubuka. Ndipo binti yake, Mashavu, aliposema, "Mama alinibeba kwa mbeleko. Nami nitambeba kwa mbeleko."

Akamfunga mgongoni kama mtoto mchanga. Puku, puku, puku, wakaenda kisimani. Puku, puku, puku, wakaenda barazani kuamua kesi. Miaka tisa! Watu wakampa Mashavu jina, wakamwita Miguu ya Bibi. Wakikutana nao njiani husema, "Shikamoo, Bibi! Na Miguu, hajambo?"

"Miguu hajambo!" hujibu Mashavu, shingo juu.

Kaka yake akaoa. Mke aliitwa Chausiku, binti wa seremala. Chausiku alitazama siku saba. Siku ya nane akachukua tezo, akachonga magurudumu manne madogo kama vifuniko vya vyungu, akayatia chini ya kiti. Akamkalisha mama mkwe wake, akamsukuma kwa nyuma. Kiri-kiri-kiri!

Mashavu akasimama njiani. "Wifi, mama yangu si gunia la mihogo."

"Wifi yangu," akajibu Chausiku, "gunia ndilo linalofungwa mgongoni."

Watu wakacheka. Bi Siwatu naye akacheka. Mashavu hakucheka.

Tangu siku hiyo watu wakamsalimu Chausiku. "Na Miguu, hajambo?" Mashavu akasikia. Akila, wivu. Akilala, wivu. Akitwanga, twi! wivu, twi! wivu. Kila aliposikia kiri-kiri-kiri na mama yake akicheka, ini lilimwungua. Alisema moyoni, "Mama hanitaki tena."

Akataka kukivunja kiti. Akaogopa, maana mama angeanguka. Akafikiri, akafikiri, akasema, "Basi! Nikikosa mimi, na yeye akose."

Akaazima tezo. Akachonga gurudumu kubwa, likapasuka. Akachonga jingine, likapinda. Akachonga tena, likaviringika. Alipopata mawili akayatia ubavuni mwa kiti, moja kuume, moja kushoto, yakafika kwenye viwiko vya mama yake.

"Mama, shika hapa uzungushe mwenyewe," akasema, huku akimtazama Chausiku. "Hakuna tena haja ya mtu wa kusukuma."

Bi Siwatu akashika. Kiri. Akazungusha. Kiri-kiri. Akacheka. Kiri-kiri-kiri! Akavuka ua, akatoka mlangoni, akaenda. Hakugeuka nyuma.

Mawifi wawili wakabaki uani, mikono mitupu.

"Umefanya nini, wifi?"

"Nimekunyang'anya."

"Na wewe umebaki na nini?"

Mashavu akaitazama mikono yake. Likamtoka chozi.

Jua lilipoanza kuinama, kiri-kiri-kiri, Bi Siwatu akarudi, mavumbi hadi kwenye kope.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Kwa shoga yangu, Bi Mkasi. Tulikuwa tunasengenya."

"Mkimsengenya nani?"

"Nyinyi wawili! Nitamsengenya nani mwingine? Miaka tisa sijasema siri hata moja. Nikifungua mdomo, sikio la mtu liko papo hapo!"

Mashavu akapiga magoti. "Mama, sikukuchongea magurudumu kwa mapenzi. Nilimwonea wivu wifi."

"Najua, mwanangu. Ukiwa na wivu hata pumzi yako huwa nzito. Safari hii wivu wako umepotea njia, ukafika pazuri. Usiutume tena, hautapotea mara mbili."

"Lakini sasa hunihitaji."

Bi Siwatu akajipangusa mavumbi usoni. Kisha akasema, "Kaa hapa mbele yangu. Miaka tisa nimekitazama kisogo chako. Nataka kuuona uso wako."

Mashavu akakaa. Wakatazamana. Mama akamgusa mwanawe shavu, akakuta limekonda.

"Nawe, mkwe wangu," Bi Siwatu akaita, "mbona umesimama huko nyuma? Huko kazi imekwisha. Njoo huku mbele na wewe."

Chausiku akaja. Wakakaa watatu, wakamenya mihogo.

Wenzangu, ukimpenda mtu, usijifanye miguu yake. Mpe njia aende. Akirudi, utajua kuwa amekuja kwako.

Ngano yangu imefika kituo chake, nami naishusha hapa.

Asubuhi ya siku ya pili baada ya kuisikia, nilimpa wifi yangu, aliyekuja kunisaidia kulea, mtoto ambebe, kwa mara ya kwanza. Akatoka naye nje. Mtoto alilia, kisha akanyamaza, na si mimi niliyemnyamazisha. Nilikaa kitandani kidogo. Halafu nikainuka, nikapika uji, nikapakua vikombe viwili.